Tulinunua Gita kwa Macho

Masomo ya leo: 1 Samweli 16:6-13 na 17:38-40, Yeremia 28, Luka 14:16-24.



Neno letu linaanza ndani ya nyumba ya korali, hapa Likasi, pale ukutani ambako gita jekundu limetundikwa kwenye msumari na halipigwi. Wageni wanaotoka parokia nyingine wanaliona na kuuliza: gita zuri namna hii, kwa nini linalala? Watoto wanajibu mbele yetu, na kila mtoto ana jibu lake. Wengi wenu pia mnaijua habari hii nusu, na nusu hiyo mliisikia sokoni au kwenye bomba la maji. Tumeona si vema kanisa liishi na nusu ya habari. Basi sisi wazee wa baraza tunaisimulia yote, hata pale inapotuaibisha.

Korali ilikuwa na gita moja la zamani, nalo lilipasuka kifua wakati wa kiangazi. Ninyi mnaoishi Katanga ya Juu mnakijua kiangazi chetu. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, na upepo ule unaokausha midomo unakausha mbao vilevile. Vijana walichanga miezi 5 ili kupata lingine. Mama mmoja mjane, anayeuza makala mbele ya nyumba yake, alileta fungu lake kila siku ya Bwana, noti zilizokunjwa mara nne na zenye alama nyeusi za vidole. Vijana wengine walileta feza ya kubeba mizigo. Mwishoni ikafika dola 70.

Wakati huo ndugu yetu mmoja aliye Lubumbashi akatuma picha kwa simu. Gita jekundu, linang'aa kama gari lililotoka kuoshwa, bei dola 70. Juma mbili kabla ya picha ile, mama mmoja wa maombi alikuwa amesimulia ndoto yake mbele ya baraza. Aliona gita jekundu mikononi mwa vijana, wakiimba mbele ya watu wengi. Alisimulia kwa unyenyekevu, akaketi. Picha ilipofika, sisi sote tulisema kwa sauti moja: ndilo.

Kijana anayeongoza nyuzi katika korali aliinuka na kusema: Baba wazee, ninaomba nauli tu. Ni kilomita 120, nitaenda asubuhi, nitalipiga, likiwa zuri nitalileta jioni.

Jibu tulilompa tunaliandika hapa, maana tulilitoa mbele ya watu. Tulimwambia kwamba nauli ni feza ya kupoteza bure. Kisha tukaongeza neno baya zaidi. Tulisema mtu anayetaka kujaribu kitu ambacho Mungu amekwisha kukionyesha, huyo amepungukiwa imani. Kijana akanyamaza. Kwetu mtoto hajibizani na wazee, na siku ile tulijificha nyuma ya heshima hiyo.

Feza ikatumwa kwa simu. Gita likafika na basi, limefungwa ndani ya shuka. Tukaliombea, tukaimba, akina mama wakapiga vigelegele. Kijana akalishika, akalinganisha nyuzi, akapiga nyimbo mbili zile za kukaa chini kabisa ya shingo, na lilisikika vizuri. Tukamtazama kama watu wanaosema: unaona sasa? Kisha vidole vyake vikapanda kuelekea kifuani, na kila alipopanda, sauti ilizidi kuachana na waimbaji. Alipofika katikati ya uzi ilikuwa kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja, kila mtu katika nyumba yake. Mama mmoja akafunika kinywa chake. Kijana akaliweka chini polepole, hakusema neno. Baada ya juma tatu, lile daraja la mbao linaloshika nyuzi kifuani likaanza kubanduka.

Tulimpigia muuzaji. Alijibu kwamba mali ikiuzwa imeuzwa. Na tuseme ukweli, wapendwa: mtu yule hakutudanganya hata neno moja. Picha ilikuwa ya gita lilelile. Hakuna aliyemwuliza kama shingo imenyooka.

Tungeishia hapo kama hasara ingekuwa dola 70 tu. Lakini hasara ya feza ilizaa watoto. Watu walianza kusema kwamba kijana wa korali na ndugu wa Lubumbashi wamegawana feza, eti gita la kweli lilikuwa la dola 40. Kijana akaacha kuja kwa muda wa siku tatu za Bwana. Mama wa ndoto aliacha kusimama katika maombi, sababu wengine walianza kunong'ona kwamba ndoto yake ilitoka kwa shetani. Mama wa makala hakuuliza kitu. Alikuja, alitoa sadaka yake, akarudi nyumbani, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko makelele ya wengine. Na sisi tuliokataza nauli, hakuna aliyetutaja. Tulikaa viti vya mbele kama kawaida.

Sasa tufungue Maandiko.

Katika Luka 14 Bwana anasimulia habari za mtu aliyefanya karamu kubwa, na walioalikwa wakaanza kutoa sababu za kutokuja. Mmoja anasema amenunua ng'ombe jozi tano na sasa anakwenda kuwajaribu. Tumesoma somo hili miaka mingi bila kusimama kwenye neno hilo. Jozi tano ni ng'ombe kumi. Nani hapa kwetu anaweza kulipa ng'ombe kumi wa kulima na kwenda kuona baadaye kama wanavuta? Hata mbuzi mmoja tunamfungua kinywa, tunatazama meno, tunamshika mgongo. Mtu yule ama alikuwa anasema uongo ili asije karamuni, ama alikuwa mjinga kama sisi. Alilipa kwanza, akajaribu baadaye, na siku ya kujaribu ikaangukia siku ya karamu. Jambo alilopaswa kulifanya mapema likaja kumnyima meza ya bwana wake. Sisi pia, zile siku tatu ambazo korali ilikaa bila kijana wake, meza ilikuwa tayari na wimbo ulikuwa umekatika.

Tuende kwa Daudi. Mnajua alipotaka kwenda kwa Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na vazi la chuma. Tazameni vizuri: mavazi yale hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mfalme, pengine ndiyo mazuri kuliko yote katika jeshi la Israeli. Na aliyeyatoa aliyatoa kwa moyo mwema. Daudi alijaribu kutembea nayo, akaona hawezi, akamwambia mfalme waziwazi kwamba hajayazoea, akayavua. Kijana mbele ya mfalme! Hakuna mtu pale aliyemwambia kwamba amepungukiwa imani. Akachukua fimbo yake, mawe matano ya kijitoni na kombeo lake, kitu ambacho mkono wake ulikijua toka siku za simba na dubu. Imani yake kwa Mungu ilikuwa kubwa kuliko ya jeshi zima, na ni yeye aliyekataa kwenda vitani na kitu ambacho hajakijaribu.

Tulipolisoma hilo katika baraza, mzee mmoja wetu alishika kichwa. Tulikuwa tumemwambia kijana wetu neno ambalo hata Sauli hakumwambia Daudi.

Na msiseme kwamba sisi tulikuwa na maono na Sauli hakuwa nayo. Rudini nyuma sura moja. Nabii Samweli anafika nyumbani kwa Yese na pembe ya mafuta. Samweli si mtu mdogo. Toka utoto wake anaisikia sauti ya Mungu, na Israeli yote inajua kwamba maneno yake hayaanguki chini. Ametumwa na Mungu mwenyewe, na nyumba ni ileile aliyoelekezwa. Anamwona Eliabu, mrefu, mwenye sura nzuri, na moyoni anasema: ndiye. Kumbe siye. Mungu ilimbidi amrudishe nabii wake na kumwambia asitazame sura wala urefu, na wana saba wakapita kabla ya yule wa kondoo kuitwa. Basi kama Samweli, akiwa na mafuta mkononi na agizo la kweli, aliweza kukosa kwa sababu ya macho, sisi na picha ya simu tulikuwa nani?

Agizo lilikuwa la kweli, macho ndiyo yaliyokosa. Tunataka mama wetu wa ndoto asikie neno hili, na wale walionong'ona wasikie vilevile.

Tumekwenda kwake, watu watatu wa baraza, tukamwomba aisimulie tena ndoto. Akaisimulia kama mara ya kwanza, bila kuongeza wala kupunguza. Aliona gita jekundu, mikono ya vijana, watu wengi. Tukamwuliza: Mama, uliona soko? Hapana. Uliona bei? Hapana. Ulisikia sauti inayosema kijana asiende kulipiga kwanza? Akatutazama kwa mshangao, akasema: Baba zangu, hayo mliyasema ninyi.

Hayo tuliyasema sisi. Wapendwa, kanisa letu limezaliwa katika unabii, na hatutaki mtu achukue habari ya gita ili kuzima Roho. Yule anayecheka ndoto za akina mama hakuipata hapa ruhusa ya kucheka. Lakini kati ya neno linalotoka kwa Mungu na tendo linalofanyika sokoni kuna safari ndefu, na katika safari hiyo mwanadamu anaongeza mizigo yake. Mama alileta mambo matatu. Sisi tuliongeza la nne, la tano na la sita: kwamba ni gita hili, kwamba ni leo, kwamba asijaribu mtu. Kisha tulipiga mhuri wa mbinguni juu ya mambo yote sita. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasiudharau unabii, na papo hapo, bila kupumua, akawaagiza wapime mambo yote. Mitume wanayaweka mambo haya mawili pamoja. Yohana naye anataka roho zipimwe. Na katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, hata shemasi, kabla ya kupewa kazi, anapimwa kwanza. Hakuna shemasi anayelia kwamba ametukanwa.

Gideoni alipima kwa ngozi ya kondoo mara mbili, usiku kavu na usiku wenye umande, na Mungu hakumkasirikia. Hilo mnalijua, tusikawie hapo.

Tukawie kwa Yeremia 28. Katika hekalu, mbele ya makuhani na watu wote, nabii Hanania anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vilivyochukuliwa Babeli vitarudi. Vyombo vya ibada, wapendwa! Ni nani asingepiga vigelegele? Yeremia anajibu kwanza Amina, anatamani iwe hivyo. Kisha anasema kwamba nabii anayetangaza amani atajulikana siku neno lake litakapotimia. Hanania anakasirika, anaikamata nira ya mbao iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, anaivunja. Na Yeremia, aliye nabii wa kweli, anafanya nini? Anakwenda zake. Hakupigana, hakutukana. Baadaye neno la Mungu likamjia, naye akarudi nalo, na mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa. Vyombo havikurudi katika miaka ile miwili.

Tunaona katika sura hiyo alama moja ambayo ingetusaidia mapema. Mwenye neno la uongo ndiye aliyekasirika alipoambiwa lingoje lipimwe. Mwenye neno la kweli aliweza kwenda zake na kungoja. Kila tunapoona hasira inapanda ndani yetu sababu mtu ameomba kujaribu kitu, na tuishike hasira hiyo mkononi na kuitazama, inatoka wapi. Siku ile ya nauli tulikuwa na hasira kidogo. Tunakumbuka.

Na sisi tulio wana wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika tungepaswa kujua zaidi kuliko wengine. Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwaka 1921. Mwaka uleule alikamatwa, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa mbali na watu wake, huku kwetu Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akafa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 neno lake lilikuwa chini ya kipimo, katika mji uleule ambako sisi tuliona uzito kulipa nauli ya siku moja. Neno la kweli halikuvunjika kwa kupimwa.

Sasa kuna mzee mmoja wa parokia ya jirani, aliyepiga gita toka ujana wake, wakati mji huu ungali unaitwa Jadotville. Tulimwita atazame gita letu. Mzee huyu anapenda kukumbusha kwamba ni katika mji huu, mwaka 1952, Hugh Tracey alimkuta Jean Bosco Mwenda na kurekodi nyimbo zake, na kwamba Mwenda alijaza nyumba nzima kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Wengine watasema ule ulikuwa muziki wa dunia. Sawa, lakini mkono uliojifunza vizuri ni mkono uliojifunza vizuri, na vijana wetu wangefaidika kuusikiliza.

Mzee hakutazama rangi hata kidogo. Aliinua gita kama mtu anayetazama kama ubao umenyooka, jicho moja limefungwa, toka kichwani kuelekea kifuani, akasema: shingo imepinda. Kisha akatuonyesha kosa lenyewe. Gita hili lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni, na mtu fulani alifunga juu yake nyuzi za chuma ili lisikike kwa nguvu. Nyuzi sita za nailoni zinavuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Zile za chuma za gita la kawaida zinapita kilo 60. Mbao hazilalamiki siku ya kwanza. Zinavutwa mchana na usiku, hata wakati hakuna anayepiga, mpaka kifua kinavimba, daraja linainuka na shingo inakuwa upinde. Mchoraji alikuja baadaye na rangi nyekundu, akafunika yote.

Tulimwomba awafundishe vijana namna ya kujaribu gita, nasi tukakaa nyuma tukisikiliza kama wanafunzi. Tunaandika alichosema, maana parokia nyingine zinachanga feza sasa hivi.

Tazama kwanza shingo kwa jicho moja, kama alivyofanya yeye. Pima kwa macho nafasi iliyo kati ya uzi na vile vyuma vidogo vya shingoni. Kwenye chuma cha 12 nafasi iwe milimita 2 au 3 tu. Kwetu kidole cha mtoto kilikuwa kinaingia. Chuma hicho cha 12 ndicho shahidi mkubwa, sababu kiko nusu kabisa ya urefu wa uzi. Gusa uzi juu yake bila kuukandamiza, upige, utalia kama kengele ndogo. Kisha ukandamize palepale na upige tena. Sauti mbili hizo zikiwa moja, gita linasema kweli. Zikiachana, rudisha gita kwa mwenyewe na umwambie asante. Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila chuma, toka wa kwanza mpaka wa mwisho, hata kama muuzaji anachoka, usikilize panapotetemeka kama nyuki. Zungusha masikio yote sita ya kukazia nyuzi. Gonga kifua na mgongo kwa kidole, polepole, na mahali panapojibu kama debe bovu, ndani kuna mbao imebanduka. Kama ni gita la umeme, lichomekwe kwenye bafle na vifungo vyote vizungushwe. Na kama siku hiyo hakuna umeme, alisema mzee, basi siku hiyo hakuna kununua. Watu walicheka, maana tunajua siku hizo ni nyingi.

Neno la mwisho alilowaambia lilikuwa hili: yule atakayelipiga ndiye aende. Usitume mwenye feza, wala mzee, wala ndugu mwenye simu nzuri. Gita linajibu mkono. Hapo sisi wa baraza tuliangalia miguu yetu.

Kijana mmoja aliuliza: Baba, na mtu akijaribu, akajaribu, asinunue kamwe? Ni swali zuri, na mtu wa ng'ombe kumi anahusika hapo pia, maana kujaribu kwake kulikuwa mlango wa kukimbilia. Wako wanaopima mahubiri kila juma na hawajatii hata moja. Wako wanaopima mchumba miaka sita. Mzee alijibu kwa kifupi tu: Mimi nina gita nyumbani, ulishanisikia nikilipiga.

Siku ya Bwana iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa, baraza lote. Tulimwita kijana wa korali kwa jina lake, tukasema mbele ya wale waliomsengenya kwamba hakula hata faranga moja, na kwamba aliomba kwenda na sisi tulimkataza. Tulisema hivyohivyo juu ya ndugu wa Lubumbashi, ambaye alituma picha kwa upendo. Kisha tuligeuka kwa mama wa ndoto. Hatukuongeza maelezo, tulimwomba msamaha tu. Zile dola 70 tumezirudisha sisi wenyewe katika sanduku la korali, kila mzee kwa kadiri yake. Mmoja aliuza baiskeli. Tuliombewa na wale tuliokuwa tumewakosea, na mkono wa yule kijana ulipowekwa juu ya vichwa vyetu, wengine wetu walilia.

Kuhusu gita jekundu, mzee anasema daraja likibandikwa upya na nyuzi za nailoni zikifungwa, linaweza bado kufaa watoto kujifunzia zile nyimbo za chini ya shingo. Tunangoja fundi. Mama wa ndoto aliposikia neno hilo, mikono ya watoto, alitabasamu. Hatukusema kitu juu ya tabasamu lile.

Juma lililopita kijana na mzee walipanda basi la asubuhi kwenda Lubumbashi, na nauli ya wawili ililipwa na baraza. Walipita kwa wauzaji watatu. Walirudi usiku, vumbi miguuni, na korali yote ilikuwa inawangoja nje na taa. Mikono yao ilikuwa mitupu. Kijana akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua mbele ya wote, akasema: Yote matano hayakusema kweli. Tutarudi mwezi ujao. Mama wa makala aliinama, akahesabu zile noti moja moja chini ya taa, mpaka dola 70, akakifunga kitambaa tena, akaanza wimbo.